Tovuti au mitandao ya kijamii? Tathmini ya miaka mitatu kutoka karakana ya samani

Karakana ya kaka yangu iko Keko, Dar es Salaam, mtaa ambao mgeni akishuka tu kwenye bajaji hunusa vanishi kabla hajaona kitanda hata kimoja. Yeye ndiye fundi. Mimi ni dada yake, na kazi yangu ni simu, daftari na wateja, kwa hiyo mambo yote ya mtandaoni yaliniangukia mimi. Kwa miaka mitatu sasa nimezitumia kwa pamoja njia mbili ambazo kila mwenye biashara ndogo huambiwa achague mojawapo, yaani kurasa za mitandao ya kijamii na tovuti yenye kikoa chake mwenyewe (ile anwani ya mtandaoni ambayo mtu huandika ili kuifungua), na zote mbili tumezilipia kwa fedha iliyotokana na vitanda. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya huduma hizo kwa kipimo kimoja tu: je, zilimfikisha karakanani mtu aliyekuwa tayari kutoa advansi, au zilituletea watazamaji?

Naanza na WhatsApp Business, kwa sababu ndiyo niliyoanza nayo na ndiyo ambayo nikinyang'anywa leo nitalia. Programu hii ilitoka mwaka 2018 na haina malipo, lakini wafanyabiashara wengi huipakua kisha wakaitumia kama WhatsApp ya kawaida, na hivyo kuiacha mezani nusu ya faida yake. Katalogi yake hubeba hadi bidhaa 500, idadi ambayo karakana yetu haitaifikia. Kila kitanda nimekiwekea picha, ukubwa, aina ya mbao na bei ya kuanzia. Mteja akiuliza, namtumia bidhaa yenyewe papo hapo, badala ya kupekua picha kwenye simu huku yeye akisubiri na fundi akiniita nikamshikie ubao. Lebo nazo zimenisaidia kuliko daftari. Ninazo nne: "ameuliza tu", "ametoa advansi", "kiko kwenye vanishi" na "kimepelekwa, anadaiwa". Asubuhi nikifungua lebo ya tatu, najua tayari ni nani atakayeanza kupiga simu kabla ya saa nne.

Kasoro yake ni kwamba humhudumia mtu aliyekwisha kufika. Orodha ya kutuma tangazo kwa wengi huchukua watu 256, na tangazo lenyewe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yetu. Sasa mtu anayenunua kitanda mara moja kwa miaka kumi ana sababu gani ya kuhifadhi namba ya seremala? Picha ninazoweka kwenye status huonwa na ndugu, majirani na mafundi wenzetu, halafu baada ya saa 24 zimekwisha.

Kumtafuta asiyetujua ni kazi tuliyoipa Instagram, na kwa hilo naisifu bila kusita. Mbao nzuri hujiuza yenyewe mbele ya kamera. Mninga ambao haujapakwa kitu huonekana wa kahawia iliyofifia, kama uliopitiwa na vumbi la barabara. Brashi ya kwanza ya vanishi ikipita, mistari yake huamka, wekundu ukatokeza hapa na dhahabu pale, na video ya sekunde 15 ya brashi hiyo ikipita kwenye ubao wa kichwani imetuletea watu wengi kuliko maneno yote niliyowahi kuandika. Hakuna tovuti inayoweza kufanya hivyo. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akafungua tovuti ya seremala kwa burudani, lakini aliyekuwa akitazama picha za harusi ya rafiki yake huweza kuteleza kidogo akajikuta kwenye kitanda chetu, na akiwa naye anajiandaa kuoa, biashara imeanza.

Tatizo ni kwamba wengi wa watakaoteleza hivyo wako Nairobi, Lubumbashi au Muscat, nao husifu, hubariki mikono ya fundi na kuondoka. "Mashaallah, kazi nzuri" ni maneno matamu, ila hayana advansi ndani yake. Wanaobaki huuliza maswali yale yale matano: bei gani, mpo wapi, mnatuma mikoani, kinachukua siku ngapi, na bei ya mwisho ni ipi. Mwanzoni nililaumu wateja kwamba hawasomi. Baadaye nilikubali kwamba lawama kubwa ni ya sisi wauzaji, tuliojizoesha kuandika "bei inboksi" tukidhani kuficha bei humvuta mtu kwenye mazungumzo. Humvuta kweli, tena akiwa na wenzake mia ambao hawana nia ya kununua, na wote wanataka kujibiwa kwa upole saa tatu usiku. Siku nilipoanza kuandika bei chini ya kila picha, ujumbe ulipungua kiasi cha kunitia hofu, kisha nikagundua kwamba waliobaki walikuwa wanunuzi.

Jambo la pili linalonisumbua kwenye mtandao huu ni picha za skrini. Mteja anatuma picha iliyokatwa pembeni, haina jina la karakana, haina vipimo, haina aina ya mbao, mara nyingi ni kitanda cha kiwandani ambacho hata hakikutengenezwa Afrika, na chini yake ameandika, "Dada, nataka kama hiki." Picha zetu nazo husafiri hivyo hivyo. Mke humtumia mume, mume humpelekea fundi wa karibu na nyumbani na kumuuliza atakitengeneza kwa kiasi gani, na jina letu limebaki kwenye simu ya kwanza. Instagram haisaidii sana hapo, kwa kuwa kiungo ukikiandika kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki. Viungo hukaa kwenye wasifu, ambako tangu mwaka 2023 unaruhusiwa kuweka hadi vitano, na anayetumiwa picha ya skrini hatauona wasifu huo kamwe.

Kuhusu Facebook nina machache. Tunapandisha kule nakala ya tunachoweka Instagram, na wateja wanaotoka huko ni wachache, ila wengi wao ni watu wazima wa mikoani, husalimia kwanza, huuliza kwa utaratibu, na wakisema watatuma fedha Ijumaa, hutuma Ijumaa. TikTok imetupa umaarufu mkubwa kuliko mitandao yote na mauzo madogo kuliko yote. Sina shaka kwamba muuza viatu au vipodozi atasema kinyume changu.

Mwaka wa pili tulipoteza ukurasa mzima kwenye mojawapo ya mitandao tunayoitumia. Sitautaja, kwa kuwa mlango niliufungua mwenyewe. Ulinijia ujumbe wenye nembo inayofanana na ya mtandao wenyewe, ukidai kwamba picha zetu zimekiuka haki za mtu na kwamba ukurasa utafungwa nisipothibitisha umiliki; nikathibitisha, nikataja tarakimu sita zilizoingia kwenye simu, na kabla ya chai ya saa nne kupoa jina la ukurasa lilikuwa limebadilishwa na karakana yetu ya vitanda ilikuwa ikiuza sarafu za kidijitali. Nilijaza fomu za msaada, nikapokea majibu yaliyoandikwa na mashine, nikajaza tena. Ukurasa haukurudi. Kilichoniuma zaidi kuliko wafuasi ni picha za kazi za miaka miwili, ambazo nilikuwa nimezifuta kwenye simu ili kupata nafasi, nikiamini kwamba ziko salama kule. Wenye biashara wanaosoma hapa na hawajawasha uthibitisho wa hatua mbili wauwashe leo, na picha za awali wazihifadhi mahali pengine.

Tena ikumbukwe kwamba Facebook, Instagram na WhatsApp ni mali ya kampuni moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika duniani kote kwa takribani saa sita, na aliyekuwa akijivunia kwamba ana kurasa tatu aligundua kwamba alikuwa na mlango mmoja uliopakwa rangi tatu.

Kati ya tovuti na mitandao kuna huduma ya tatu ambayo watu husahau kuitaja katika mjadala huu, nayo ni wasifu wa biashara wa Google, ule unaoonyesha jina, saa za kazi, picha, maoni ya wateja na alama kwenye ramani. Kwa biashara yenye mahali pa kufikia, naipa nafasi ya pili baada ya WhatsApp. Haina malipo. Uthibitisho wake kwetu ulifanywa kwa video: nilianzia barabarani nikiwa nimeshika simu, nikaonyesha kibao chetu, nikaingia karakanani, nikapita kwenye rundo la mbao hadi kwa kaka yangu aliyekuwa akisukuma randa na kujifanya hanioni. Tangu hapo mtu akiandika "vitanda vya mninga Keko" hutupata, na dereva wa bajaji hahitaji tena kuelekezwa kwa mwembe na kwa duka la dawa ambalo lilishahama. Hata hivyo, Google walikuwa pia wakitoa tovuti ndogo za bure kupitia wasifu huo, na Machi 2024 walizifunga; kwa miezi michache anwani zile zikawa zinampeleka mtu kwenye wasifu, na kufikia Juni zikafa kabisa. Aliyekuwa amechapisha anwani hiyo kwenye kadi na kuichora kwenye gari alibaki na mapambo.

Sasa tovuti. Ya kwanza ilikuwa ya aibu, na nusu ya aibu hiyo ilikuwa yetu, kwa sababu tulimwachia fundi wa tovuti kila kitu kama mtu anayemwambia seremala "nitengenezee kitanda" bila kutaja ukubwa. Alitutoza shilingi 900,000. Akatuwekea picha kubwa zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa, maneno "Karibu kwenye tovuti yetu", kisha Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi, utadhani sisi ni wizara. Palikuwa na picha ya Wazungu wakipeana mikono ofisini. Bei haikuwapo, vipimo havikuwapo, na picha za vitanda zilipandishwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera, nzito kiasi kwamba kwenye simu ya kawaida yenye bando la kubana ukurasa ulifunguka kwa mafungu kama pazia lililokwama. Alituwekea pia duka lenye kikapu cha kununulia, ambalo halikupata oda hata moja, na sasa naona lilistahili kukosa: hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipia kitanda kizima cha mbao ambacho hajakigusa, kwa watu ambao hajawaona.

Kosa lililotugharimu zaidi lilikuwa limejificha. Kikoa kilikuwa kimeandikishwa kwa barua pepe ya yule fundi. Mwaka ulipoisha taarifa ya malipo ilikwenda kwake, yeye alikuwa amebadilisha namba ya simu na shughuli, na sisi tuliamka siku moja tukakuta tovuti haipo na barua pepe zetu zinarudi kwa waliozituma. Ilituchukua wiki kadhaa za kumtafuta, kumwomba na kusubiri. Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa anayetaka tovuti halihusu rangi wala mpangilio: kikoa kiwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na nenosiri liwe mkononi mwako, hata kama kila kitu kingine umemwachia mtu. Gharama yake si ya kutisha, kikoa cha .com kwa kawaida huwa kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka, na vya .co.tz hupatikana kwa wasajili wa hapa nchini kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Ukiambiwa ulipie alama ya kufuli inayoonyesha kwamba tovuti ni salama, uliza kwanza, kwani shirika la Let's Encrypt hutoa cheti chake bure na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukiweka zenyewe.

Tovuti ya pili ilitengenezwa na kijana mwingine kwa shilingi 350,000 juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na maneno yote niliandika mimi. Ina kurasa tano. Wa kwanza una picha sita zilizopunguzwa uzito na kitufe kinachofungua WhatsApp yetu moja kwa moja. Wa pili unaeleza mbao, yaani mninga, mkongo, mtiki na paini, na kwa nini ubao ambao haukukauka vizuri utapasuka kiangazi kijacho hata ukipakwa vanishi ya bei gani. Wa tatu ni wa vipimo, na huo ndio unaofunguliwa zaidi. Hapa kwetu watu husema sita kwa sita au tano kwa sita, wakihesabu kwa futi, ilhali magodoro mengi ya kutoka nje hupimwa kwa sentimita, 180 kwa 200. Upana unakaribiana, kwa sababu futi sita ni sentimita 183; urefu ndio mtego, kwani godoro la sentimita 200 likilazwa kwenye kitanda cha futi sita hutokeza nje kwa sentimita 17, karibu upana wa kiganja kilichonyooshwa vidole. Nilikuwa nikiueleza mkasa huo kwa simu karibu kila siku. Sasa natuma kiungo. Ukurasa wa nne unaeleza advansi, muda wa kazi na usafiri, na wa tano una namba ya mlipakodi, leseni, akaunti ya benki na Lipa Namba.

Kwa miezi mitano ya kwanza niliamini tumetupa fedha tena. Tovuti haina mtu anayepita. Haipendwi, haisambazwi, hailetewi "Mashaallah", na kwenye matokeo ya utafutaji ilijikokota. Kaka yangu alikuwa ameanza kuuliza kwa upole wa kinafiki kama ile laki tatu na nusu isingetosha kununua msumeno.

Kisha akaja mhasibu wa hoteli ndogo ya Bagamoyo. Alifika Jumanne asubuhi akiwa na bahasha ya kaki, akavuta kiti, akatoa karatasi, nami nikaona kwamba ni tovuti yetu imechapwa. Ukurasa wa vipimo ulikuwa umepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu. Kwenye ukurasa wa usafiri palikuwa na alama ya kuuliza. Kwenye ukurasa wa mwisho, kando ya namba ya mlipakodi, mtu mwingine mwenye mwandiko mwingine alikuwa ameandika "sawa". Mhasibu akasema bosi wake alikataa kuangalia picha kwenye simu, alimwambia, "Niletee kitu cha kusoma." Oda ilikuwa ya vitanda 12 na kabati zake. Bosi huyo hajawahi kupenda picha yetu hata moja mtandaoni, na sidhani kama anajua tuna ukurasa wa Instagram.

Baada ya siku hiyo nilianza kumuuliza kila mteja mkubwa alitupataje na alifanya nini kabla ya kupiga simu, na hatua kwa hatua nikaona mstari ambao sijauona ukitajwa na washauri wa biashara. Mteja anayeamua peke yake hutosheka na mtandao wa kijamii: macho yamependa, fedha ni yake, namba iko pale. Mteja ambaye lazima akamweleze mtu mwingine kabla ya kulipa anahitaji tovuti, kwa sababu anahitaji maneno yaliyotulia mahali pamoja ambayo atayatuma, atayachapa au atayasoma kwa sauti mbele ya huyo mwingine. Mhasibu ana bosi. Mwalimu mkuu ana bodi. Bibi harusi ana shangazi watatu. Kijana aliyeko Uingereza anayemnunulia mama yake kitanda huko Tabora ana mke wa kumshawishi na dada wa kumtuma akahakiki, nao wote watatu hawawezi kusikilizana juu ya video ya brashi ya vanishi. Hao ndio wanaofungua kurasa zetu tano, na oda zao, ingawa ni chache, ndizo kubwa.

Nisiisifu tovuti kupita kiasi. Kuna wateja ambao hata ukiwatumia kiungo hawatakifungua, kwa sababu bando walilojiunga ni la mitandao ya kijamii pekee. WhatsApp na Instagram zinafunguka, tovuti inagoma, nao hudhani ni yako ndiyo mbovu. Kwa ajili yao nimetengeneza picha mbili zenye maelezo ya vipimo na ya advansi, nazo zimebanwa juu kabisa kwenye ukurasa wetu na kuwekwa kwenye katalogi. Pia bei iliyoandikwa kwenye tovuti huchacha upesi. Mbao zikipanda, picha ya Instagram ya mwezi uliopita imeshazama na hakuna anayeikumbuka, lakini tovuti inaendelea kutangaza bei ya zamani kwa uso mkavu, na mteja atakuja nayo imechapwa. Sasa kila bei ina tarehe mbele yake, na nimejiwekea utaratibu wa kuzipitia kila mwanzo wa mwezi. Mtu asiyejiamini kwamba atafanya hivyo, heri asiandike bei.

Fomu ya kujaza majina na namba za simu niliiondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzitunza. Mimi sikutaka majina ya wateja yalale kwenye kompyuta nisiyojua iko wapi kwa ajili ya fomu ambayo haikuwa ikijazwa. Vilevile asidanganywe mtu kwamba tovuti nzuri itamletea zabuni za serikali, maana hizo tangu mwaka 2023 hupitia mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni uitwao NeST, na huko kinachoangaliwa ni usajili na nyaraka.

Faida moja sikuitarajia. Matapeli wa mtandaoni huiba picha za samani, hufungua ukurasa wenye jina linalofanana na la karakana halisi, huomba advansi na kupotea. Picha zetu zimetumiwa hivyo zaidi ya mara moja. Tangu tuwe na tovuti, mteja mwenye wasiwasi huilinganisha namba aliyopewa na iliyoko kwenye kikoa chetu, na wapo waliotupigia kuuliza, "Huyu anayeniambia nitume fedha ni wa kwenu?" Hakuwa wa kwetu.

Wala mtu asidhani kwamba kumiliki kikoa ni kinga ya kila kitu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, tovuti na kurasa zote zilikuwa kitu kimoja. Kilichobaki kikifanya kazi ni namba ya simu iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha barabarani, na daftari langu la zamani ambalo nilikuwa karibu kulitupa.

Nikiulizwa na mwenye biashara ndogo aanzie wapi, namuuliza kwanza wateja wake huamua na nani. Mama anayepika keki za siku za kuzaliwa Sinza hahitaji tovuti. WhatsApp yenye katalogi, Instagram yenye bei na alama kwenye ramani vinamtosha, na fedha ya kikoa anunue mashine bora ya kuchanganyia unga. Muuza mitumba, ambaye kila nguo anayo moja tu na jioni imeondoka, tovuti kwake ni adhabu. Mwenye nyumba ya wageni Jambiani au Paje, ambaye mgeni wake yuko Ulaya na anapanga safari na familia miezi minne kabla, akikosa tovuti anawalipa madalali wa mtandaoni kamisheni kwa kila usiku. Anayeshona sare za shule, anayechimba visima, anayefunga umeme wa jua, anayekodisha mahema na viti kwa taasisi, hao wote wana mteja mwenye bosi, na kwao kurasa tano zenye maneno ya kweli zitajilipa. Wasianze nazo, lakini. Waanze na WhatsApp, wakusanye maswali ya wateja kwa miezi sita, kisha tovuti yao iwe majibu ya maswali hayo na si kitu kingine.

Kwa upande wetu tumebaki na vyote, ila kwa vipimo tofauti. Instagram napandisha picha mara tatu kwa wiki na si zaidi. Tangazo la kulipia tunaliweka kabla ya misimu ya harusi tu. Tovuti tunailipia kwa mwaka, na tarehe ya kulipia kikoa imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, juu kidogo ya bei ya mbao, mahali ambapo kaka yangu hawezi kusema hakuiona.